Salamu Kwanza, Mwanangu

Nianze na ukali wake, maana upole wake mtauona wenyewe huko mbele. Shangazi yangu hana uvumilivu na mtu asiyesalimu. Ukiingia kwake ukasema "naomba chumvi" kabla ya shikamoo, utatoka bila chumvi, na habari zako utazikuta zimeshafika mtaa wa pili. Mimi ni msusi, kibanda changu cha kusukia kiko mbele ya nyumba yake na chumba changu kiko nyuma, kwa hiyo namjua ndani nje. Asubuhi nikitoka na mswaki mdomoni, ananiangalia tu. Haongei. Mpaka niteme povu nisalimie, ndipo dunia inaendelea.

Huko mtandaoni wanamwita Bi Nukta. Hilo jina hakujipa, alipewa, na alipopewa alijifanya amekasirika siku mbili tatu, kumbe raha tupu. Kuna ukumbi kwenye mtandao wa watu wanaopenda mashine za kuchapa za zamani, zile taipureta za kugonga kwa vidole. Mnacheka? Hata mimi nilicheka. Watu wazima, wenye akili zao timamu, wanapigiana picha za vyuma vilivyotolewa kutu na kuandikiana "mashaallah" kama wanaangalia mtoto mchanga. Lakini mie nani hata nihukumu? Kila mtu na kichaa chake, wangu ni viatu.

Aliyemwingiza huko ni mimi. Shangazi alikuwa mpiga chapa wa ofisi miaka nenda miaka rudi. Chumba kimoja, wanawake watano, dirisha moja linalofunguka nusu. Herufi moja ikikosewa, mkubwa anarudisha karatasi na unachapa yote upya, na nakala zake za kaboni. Kwa hiyo walijifunza kupatia mara ya kwanza. Lakini kilichomuuma hakikuwa kazi. Watu walikuwa wanaingia, wanatupa karatasi mezani, wanatoka. Hawasemi hujambo, hawasemi kwaheri.

"Walikuwa wananiwekea karatasi kama vile mimi ndiyo meza," huwa anasema. "Na meza ina nafuu, meza ilikuwa inafutwa vumbi."

Zilipokuja kompyuta, wale wanawake walipewa mkono wa kwaheri na kila mmoja mashine yake abebe. Ya shangazi iko sebuleni, juu ya meza ya dirishani, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Mume wake alikuwa bado hai wakati ule. Alipofariki, nyumba ikawa kimya, na shangazi hakujaliwa mtoto. Nasema hivyo wazi kwa sababu yeye mwenyewe husema wazi, ila akishasema huwa anainuka kwenda kuangalia kitu jikoni, na jikoni hakuna kitu. Nikaona huyu atakufa kwa upweke huku namwona. Nikamnunulia simu, nikamtafutia watu wa kichaa chake.

Nilidhani nimemletea kitu cha kupotezea muda. Kumbe nimewaletea wenzetu kiranja. Haukupita muda wakamfanya msimamizi, na kanuni nyingi za pale ni zake. Salamu kwanza. Sentensi zianze na ziishe. Maneno yaandikwe yote, si vipande vipande kama mtu anakimbizwa na mbwa. Ukiandika bila salamu, hakuna anayekujibu. Msimamizi anakuandikia "Salamu kwanza," unarudi kuandika upya kama mtu mwenye wazazi.

Na kuna mila moja pale ambayo mimi, pamoja na mdomo wangu, niliipenda. Mtu akisaidiwa mpaka mashine yake ikapona, analeta karatasi. Anachapa ukurasa kwa mashine hiyohiyo, chochote anachotaka, anaupiga picha anauweka pale ili wote waone. Hapo msimamizi anaandika "Heri na iandike," na mada inafungwa. Asiyeleta karatasi anahesabiwa mtovu wa shukrani, na mada yake inafungwa kimyakimya, bila heri. Nimeshawahi kumkuta shangazi analia kwa karatasi ya mtu asiyemjua, aliyechapa majina ya wajukuu zake wote.

Sasa siku moja akaingia mtu anayejiita Kitindamimba. Aliandika hivi: "jamani msaada haraka taipureta ya mzee imegoma gari halisogei nifanyeje". Basi. Hakuna salamu, hakuna nukta, hakuna herufi kubwa hata ya dawa. Mabwana wa ukumbi wakamrukia kama mwewe. Aliyeongoza ni yule tuliyempa jina la Bwana Kanuni, mtu ambaye nadhani hata akiota huota kwa vifungu. Akamwandikia, "Ndugu, hapa si sokoni."

Shangazi naye akaweka lake: "Salamu kwanza, mwanangu."

Lile neno la mwisho lilimtoka tu, maana kwa wengine huandika "ndugu." Nilimuuliza, akasema kidole kiliteleza. Kidole cha mpiga chapa kiteleze!

Kijana hakukasirika. Alirudi: "shikamooni wote. samahani sikujua. naomba msaada tafadhali." Bado herufi kubwa hazijulikani zilipo, lakini adabu imeingia. Shangazi akamjibu yeye mwenyewe. Na hapo ndipo ikaanza.

Baba yake huyo kijana alikuwa mwandishi wa barua. Alikaa na mashine yake nje ya mahakama akiwaandikia watu maombi na malalamiko yao, na kwa mashine ile akalea watoto wake wote hadi huyu wa mwisho. Sasa mzee alikuwa amepooza upande mmoja, ulimi umekuwa mzito, anakaa kitandani nyumbani. Lakini mkono mzima, kijana alisema, haukai. Unagonga shuka. Vidole vinachapa. Kwa hiyo kijana akaingia stoo akaitoa mashine, akaifuta, akaikuta imegoma. Alitaka kuchapa nayo chumbani mwa baba yake, mzee asikie tena ule mlio.

Shangazi aliposoma hayo alikwenda jikoni kuangalia kitu. Alikaa huko muda.

Akamshika mkono hatua kwa hatua. Kwanza akamgombeza kwa sababu alikuwa ameshamwagia mafuta, kosa la kila mgeni, maana mafuta yanashika vumbi na kugandisha vyuma kama uji. Akamwelekeza kusafisha kwa brashi ya meno na spiriti, herufi moja moja. Kisha wakagundua uzi. Lile gari la juu linalobeba karatasi huwa linavutwa na uzi uliofungwa kwenye springi, na wake ulikuwa umekatika siku nyingi. Shangazi akamwambia atafute mshipi wa kuvulia samaki. Kijana alifunga, ukakatika. Akafunga tena. Kila siku picha, kila siku swali, na kila siku "shikamoo Bi Nukta" juu kabisa.

Nyumba ikabadilika. Nilikuwa naamka namkuta kashachemsha chai na anaongea peke yake: "Huyu mtoto kakaza springi kupita kiasi, utaona." Mteja akikaa kwenye kiti changu, shangazi anapita na simu: "Mwanangu leo kafika kwenye fundo." Mteja ananiuliza, shangazi yako ana mtoto? Namjibu anaye, yuko kwenye simu. Tunacheka. Mimi naye damu moja, nimemfulia mashuka, nimempeleka hospitali kwa mguu wake, ananiita "wewe." Huyu wa mtandaoni ndiye "mwanangu." Wivu ulikuwepo, sifichi. Lakini niliona anavyokula vizuri siku hizo nikanyamaza.

Mpaka herufi kubwa zikaanza kuonekana kwa kijana. Shangazi alikuwa anamrekebisha pole pole, chini ya kila jibu, na kijana alikuwa anatania: "Bi Nukta, ungekuwa mama yangu ningekuwa hakimu." Shangazi alinionyesha mimi, akamwonyesha jirani, akamwonyesha mtu wa maji aliyekuja kusoma mita.

Sasa ile siku. Ilikuwa mchana, namsuka shangazi mwenyewe kibandani, simu iko mapajani mwake. Ikalia. Akaisoma kwa sauti, kama alivyozoea: "uzi umekatika tena nifanyeje haraka nataka mzee asikie kabla".

"Kabla ya nini?" akasema shangazi. "Hata sentensi haijaisha. Umeona? Nimefundisha wee, karudi kulekule."

"Mjibu tu shangazi, kasema haraka."

"Haraka haraka haina baraka. Huyu ananizoea sasa." Na alikuwa anatabasamu, nataka mjue hilo. Alikuwa anatabasamu kama mama anayemnunia mtoto kwa utani. Akagonga kwa kidole kimoja, kwa sababu kichwa nilikuwa nimekishika: "Salamu kwanza, mwanangu."

Akaweka simu chini, akangoja arudi kumsalimu.

Nilimaliza mistari yote ya upande wa kushoto, hajarudi. Nikamaliza kichwa kizima, hajarudi. Jioni tunakula, shangazi akaacha kijiko hewani. Akaniangalia.

"Wewe," akaniambia. "Kabla ya nini?"

Nilijua. Nadhani nilijua tangu mchana ila mkono ulikuwa kwenye nywele zake. Nikamwambia, "Shangazi, mtu anayeuguza akisema kabla, hamalizii."

Akaacha chakula. Akachukua simu akaandika namna ya kufunga uzi kwa mafundo mawili, akaandika "mzee yukoje," akaandika "nijibu hata bila salamu." Kwake yeye kuandika hivyo mbele ya ukumbi mzima ilikuwa sawasawa na kutoka barabarani na khanga moja. Hakujibiwa.

Akangoja. Sijawahi kuona mtu anangoja vile. Alikuwa anaamka, kabla hata ya kunawa, anaangalia. Akitoka msikitini anaangalia. Mimi nikisikia kimya nyuma yangu kibandani, nilijua anaangalia. Alikuwa hanung'uniki tena watu wasiposalimu; mteja mmoja aliingia akasema "dada nisuke twende" na shangazi hakunyanyua hata uso, nikaogopa kuliko siku zote.

Siku moja aliniambia, bila mimi kumuuliza, "Nimemkumbuka yule mtoto. Natamani anisumbue."

Nikamsogezea chai yake, nikarudi kibandani. 

Huko ukumbini, Bwana Kanuni akaja na lake. Mada bila karatasi ifungwe, akaandika, kanuni ni kanuni, na msimamizi ndiye wa kwanza kuzifuata. Wengine wakamuunga mkono, kwa salamu nzuri na sentensi kamili. Shangazi akawajibu kwamba mada ile haifungwi. Wakamuuliza kwa kifungu gani. Akasema kwa kifungu cha nimekataa. Nilimpigia makofi, lakini hata kucheka hakucheka.

Miezi ikapita. Mvua zikaja zikaisha. Halafu asubuhi moja niko kibandani, mteja wangu muuza mitumba kashasukwa nusu kichwa, namwona shangazi anatoka ndani mbio, kavaa kandambili moja yake moja yangu, simu ameinyoosha mbele kama inaunguza.

"Soma," akaniambia. "Macho yangu yanacheza. Soma."

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti, na mpaka leo naikumbuka yote:

"Shikamoo, Bi Nukta. Natumaini nyote hamjambo. Naomba radhi kwa kuandika bila salamu siku ile. Baba alikuwa mahututi kitandani, nami nikasahau adabu. Alifariki jioni hiyo. Mashine tumempa ndugu mwingine, kwa hiyo sitaweza kuleta karatasi. Naomba mada ifungwe. Nawashukuru kwa msaada wenu."

Kila herufi kubwa mahali pake. Kila nukta. Kila mkato. Hakuna utani, hakuna "ungekuwa mama yangu." Ungedhani ni barua kutoka ofisi ya ardhi.

"Ameandika vizuri," alisema shangazi. Kisha akakaa kwenye ndoo ya maji ya kuoshea nywele, bahati nzuri ina mfuniko. "Ananiomba radhi! Mtoto kafiwa, ananiomba radhi mimi!"

Akalia pale pale, mbele ya mteja. Muuza mitumba akashuka kitini na nusu kichwa chake akamshika bega, akasema, "Bibi, si yuko hapo hewani? Mjibu. Mjibu sasa hivi."

"Mjibu shangazi," nami nikasema. "Kaandika sasa hivi, simu iko mkononi mwake."

Akashika simu. Akaandika "Mwanangu." Akafuta. "Nina haki gani ya kumwita hivyo sasa?" Akaandika "Ndugu Kitindamimba." Akafuta. "Hii ni barua ya benki." Akatazama kioo cha simu, akatikisa kichwa, akainuka.

"Naenda kuandika vizuri," akasema.

"Shangazi, tuma tu chochote!"

"Nilishamtumia chochote siku ile. Leo sitaki kukosea."

Lazima niwaeleze kwamba shangazi jambo zito haliandiki kwenye simu moja kwa moja. Huchapa kwanza kwenye mashine yake, husoma, husahihisha, huchapa upya, ndipo hunakili kwenye simu. Ndivyo alivyofundishwa, kupatia kabla haijatoka mkononi. Tukasikia kitambaa kinafunuliwa, tukasikia karatasi inaingizwa. Halafu mlio ukaanza. Tak-tak, tak, kimya. Karatasi inavutwa, inakunjwa. Nyingine inaingizwa.

Nikamaliza kichwa cha muuza mitumba. Akakataa kuondoka, akasema yeye anangoja kusikia. Akaja mwingine, nikamsuka. Mlio unakwenda, unakata. Niliingia mara moja kumpelekea chai, nikakuta karatasi zilizokunjwa zimejaa sakafuni. Nikaona moja ina aya nzima za kueleza kwa nini aliweka kanuni ile, habari za ofisini, habari za karatasi kutupwa mezani. Nyingine imeanza na "Kwa heshima na taadhima." Nikamwambia, "Shangazi wangu, nakuomba." Akanyoosha kiganja, nisimkatishe.

Nilirudi kibandani nikawa nasuka kwa hasira, mteja analalamika navuta.

Jua lilipogeuka upande wa pili wa barabara, mlio ukanyamaza. Akatoka. Amenawa uso, amejitanda upya, amevaa kandambili zake zote mbili, kama mtu anayekwenda kumpa mtu pole nyumbani kwake. Akaja akakaa karibu yangu, akanakili kutoka kwenye karatasi hadi kwenye simu, kwa utulivu, akaipitia, akatuma.

"Tayari," akasema. Akavuta pumzi. Muuza mitumba, ambaye alikuwa bado yupo, akasema alhamdulillahi.

Kisha shangazi akanisogezea simu. "Hapa kwenye jina lake pamekuwa na rangi ya majivu. Ni nini hii?"

Nikatazama. Lile jina la Kitindamimba limepauka, na chini yake pameandikwa: Mwanachama huyu amejiondoa. Nilibonyeza. Nikabonyeza tena. Alikuwa ameaga kama alivyofundishwa, akangoja labda kidogo, labda asubuhi nzima, akaona hakuna mtu, akatoka akafunga mlango.

"Ametoka, shangazi. Ameondoka ukumbini."

"Kwa hiyo atasoma akirudi."

"Akishajiondoa ndio basi. Haoni tena."

Akaendelea kuitazama ile rangi ya majivu. Nikachukua ile karatasi mapajani mwake ili nione alichoandika, zile aya zote, ile taadhima yote, ya kutwa nzima. Hazikuwemo. Katikati ya ukurasa mweupe alikuwa amechapa: Pole sana, mwanangu. Basi.

Akaniona nimesoma. Akainua uso, macho makavu sasa.

"Hiyo pole nilikuwa nayo tangu asubuhi," akaniambia.